Mugesi, Kosa Lina Jina Lake

Sasa tuliishia wapi? Eeh, pale Mama Sele alipokaa kwenye kiti. Mchana nilikuwa nakusimulia vizuri kabisa, simu yako ikaita, watu wa Arusha wanataka kujua unafika lini, ukatoka nje kuongea nao, uliporudi ukasema "Mama, ngoja nipange begi kwanza," ukaniacha na kitana mkononi na mdomo wazi. Hadithi haijaisha. Na mimi hadithi ikinikaa tumboni inanisumbua kuliko njaa, unanijua. Kwa hiyo namalizia kwa karatasi, wewe uko huko chumbani na begi lako, mimi niko hapa saluni nimefunga mlango nusu. Utaisoma kesho kwenye basi, ukiwa huna pa kukimbilia.

Basi Mama Sele, yule wa vitenge, anayetokaga Bunda kuja kuchukua mzigo hapa Musoma, amekaa, kichwa amekiinamisha, mimi namfumua. Anataka nimsuke twende kilioni, nyembamba, eti rasta zinamfanya akivaa mtandio anakuwa na kichwa kama mtungi. Nikamwambia, "Mama Sele, mtungi ni wako wa kuzaliwa, usisingizie rasta." Akanipiga kofi la gotini. Tukacheka sana. Nikaanza na mimi kumwaga zangu: Mugesi anaondoka, Mugesi amepata kazi Arusha kwenye kampuni ya kompyuta, Mugesi sasa hivi ni bosi, atapewa ofisi na kiti cha kuzunguka. Unajua ninavyosemaga.

Mama Sele akaniacha nimalize. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayegusa kidonda, "Lakini Mama Mugesi, si ni kazi ya majaribio kwanza?"

"Majaribio gani?"

"Wifi yako wa kule Bunda, Manyamanyama, ndiyo kaniambia. Eti wanamwangalia kwanza. Wakiona programu zake hazifai wanamrudisha. Anasema mtoto alilia kwake mpaka akashindwa kula."

Mikono yangu ikasimama, mwanangu. Akaniuliza, "Mbona umeacha?" Nikasema, "Naangalia mstari." Halafu nikasema, "Ah, hiyo ya majaribio naijua, aliniambia siku nyingi." Uongo mtupu. Nikaendelea kusuka, mstari ukapinda, nikaufumua, nikausuka tena, ukapinda tena. Mama Sele ni mtu mzima, aliona, akajifanya analala.

Kwa sababu wewe ulivyorudi kutoka Bunda nilikuuliza. "Habari za Bunda?" Ukasema, "Nzuri." "Shangazi?" "Hajambo." "Mbona macho mekundu?" "Vumbi, Mama." Vumbi la Bunda mimi nalijua, nimeolewa kule. Linaingiaga kwenye macho, sikatai, lakini haliingiagi kwenye sauti. Nilisikia sauti yako. Na bado nikasema "pole, nawa uso," nikaenda kugeuza samaki wangu wa ningu kwenye sufuria.

Sikuandikii nikugombeze. Wala sitakuandikia mambo ya kula vizuri na kufunga mlango na kutompa mtu simu yako ashike, shangazi yako ameshakujaza masikio, na ukifika huko utafanya unavyojua wewe. Ninachotaka ni kingine, na uso kwa uso siwezi. Nikikuangalia natania tu. Nimejaribu juzi ukiwa unakunja nguo, nikafungua mdomo nikajikuta nakusimulia mbuzi wa jirani aliyekula kanga.

Nilijiuliza sana, kwa nini amwambie shangazi, asiniambie mimi? Nikakasirika kidogo. Halafu nikajijibu mwenyewe. Anayeniambia mimi ameuambia mtaa wetu wote wa Kamunyonge. Na Kamunyonge nzima mimi nimeshaiambia kwamba wewe ni bosi. Sasa ungeniambiaje?

Nakumbuka ulivyoanza kukaa kwenye lile benchi la wateja, mguu mmoja umeukunja, laptop mapajani, unaandika. Wateja walidhani unaangalia filamu. Mama Kulwa wa genge alikuulizaga, "Mugesi, hiyo muvi mbona maneno matupu, watu wenyewe wanatokea saa ngapi?" Ukamjibu, "Wanatokea mwishoni, Mama Kulwa." Akakaa kusubiri, maskini! Alikaa mpaka nyanya zake zikapigwa jua.

Mimi shule niliishia la nne, na hilo la nne lenyewe nusu nilikuwa nachunga ng'ombe wa babu kule Butiama. Kwa hiyo uliponiambia unaandika laibrari, nikatingisha kichwa.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Kwamba unaandika."

Ukacheka mpaka ukaweka laptop chini. Hicho kicheko, Mugesi, ndiyo nitakikosa kuliko vyote. Ukaanza kunieleza polepole kama unamlisha mtoto uji.

Ukasema, "Mama, programu ya mtu inaendaga kwenye mtandao kuomba kitu, kama wewe unavyopiga simu. Sasa ukipiga simu, mtu usipompata, unajuaje kwa nini?"

"Yule dada wa kwenye simu si ananiambia."

"Anasemaje?"

"Haipatikani. Au inatumika. Au salio halitoshi. Au namba niliyopiga haipo kabisa, nimekosea."

"Umeona! Kila moja ni kosa tofauti, na kila moja unalifanyia kitu tofauti. Inatumika, unasubiri. Salio, unaongeza. Namba haipo, unaacha kupiga, unatafuta nyingine. Sasa programu nyingi zikikwama zinasema tu 'imeshindikana'. Mtu hajui asubiri au aache. Laibrari yangu ni fungu la klasi, waandishi wengine wa programu wachukue watumie, kila kosa la mtandao lipate jina lake. Hili ni Ulichoomba Hakipo. Hili ni Huruhusiwi Kuingia. Hili ni Jibu Limechelewa. Hili ni Seva Imezidiwa."

Nikakuuliza klasi ndiyo nini. Ukaangalia ukutani kwenye lile bango langu la mitindo, ukanionyesha. "Ile yebo yebo pale ni kichwa cha nani?"

"Cha yule dada."

"Mama!"

"Haya, siyo cha mtu. Ni mfano."

"Ukimsuka Mama Kulwa yebo yebo, na Mama Sele yebo yebo, vichwa viwili, mfano mmoja. Klasi ndiyo lile bango. Kosa likitokea kweli, la siku fulani, mahali fulani, hicho ndiyo kichwa cha mteja kilichokaa kwenye kiti."

Siku hiyo nilijisikia kama nimesoma mpaka chuo. Kila aliyekaa kwenye kiti nilimfundisha klasi, atake asitake. Mteja mmoja wa Makoko alitoka hapa amesukwa upande mmoja, akasema atarudi kesho, kichwa kinamuuma. Siyo nywele zilizomuumiza.

Halafu ukanifundisha ile ya mama yao. Ukasema makosa yote haya yana mama. Kuna klasi moja iko juu, Kosa la Mtandao, na haya mengine ni watoto wake, yamerithi kwake. Mtu anayetumia laibrari yako anaweza kumpokea kila mtoto kwa jina lake, huyu nitamfanyia hivi, huyu vile. Lakini chini kabisa, baada ya wote, anaandika jina la mama. Ili kosa lolote ambalo halikupata wa kulipokea, lisianguke chini, lipokelewe na mama yao.

Nilipenda hiyo mpaka nikaacha kusuka.

Ukasema pia kibaya zaidi ni kipi. Nilidhani utasema programu kuzimika. Ukasema hapana, ikizimika na kupiga kelele ni afadhali, watu wanakuja kuangalia. Kibaya ni ile inayolipokea kosa, inalimeza, halafu inajibu "salama". Mwenye nayo anaendelea na kazi zake, anafurahi, mpaka mbele kabisa kila kitu kimeharibika na hakuna anayejua kilianzia wapi. Hapo nikaweka kitana chini. Ulidhani nimechoka, ukasema, "Basi Mama, nitakueleza kesho." Kumbe mimi hiyo ndiyo niliielewa kuliko zote, ila sikuweza kukwambia.

Sisi si ndiyo hivyo hivyo? Mtu akiulizwa habari lazima aseme nzuri kwanza. Bibi yako wa Butiama, mama yangu mimi, alikuwaga hatari kwa hilo. Nilimpigia simu siku moja, habari za nyumbani? "Nzuri sana." Ng'ombe? "Wazima." Mvua? "Inanyesha." Tumeongea, tumecheka, nimemsimulia harusi nzima ya watu, naaga nikate, ndiyo anasema, "Ila baba yako mdogo tumemzika jana." Mama! Unaniacha nacheka dakika zote hizo! Akasema, "Sasa mtu akikuuliza habari unamwanzia na msiba?" Hata msibani penyewe tunasalimianaga hivyo, nzuri tu, ila tumefiwa. Ile nzuri ni adabu, kila mtu anajua. Mwenye akili anasubiri ile "ila". Mimi kwa wateja nasubiriga. Mtu akikaa kwenye kiti akasema nzuri, mimi nasuka tu kimya, nasuka, nikifika kisogoni "ila" inatoka yenyewe. Ndiyo maana wananiita redio.

Kwa baba yako sikusubiri.

Ulikuwa mdogo, unakumbuka zawadi tu, ile miwa aliyokuwa anakuletea kutoka machimboni. Alikuwa anapiga simu kila wiki. "Habari za huko?" "Salama." "Unakula?" "Salama." "Na kifua?" "Salama tu, Mama Mugesi, nyinyi je?" Na katikati hapo kulikuwa na kimya. Anaitoa simu mdomoni, kimya, halafu anairudisha. Alikuwa anaenda kukohoa mbali nisisikie. Nilikuwa nasikia kimya chenyewe, mwanangu. Lakini "salama" ni neno tamu, ukishapewa unataka kukimbia nalo nje kabla hajaliongezea kitu. Nakata simu natoka barazani, "Baba Mugesi mzima, anawasalimu, mambo yake mazuri." Waliponiletea mwenyewe sasa, kifua kilikuwa kimeshakwisha, tukaja kumzika.

Ndugu zake wa Bunda wanasemaga ni vumbi la machimbo. Ni kweli, ni vumbi. Lakini wewe uliniambia kitu kuhusu yule msomaji wako, ile sehemu nyingine ya laibrari inayosoma programu aliyoandika mtu, neno kwa neno, ikiangalia kila kilichofunguliwa kama kimefungwa. Nilikuona siku hiyo umekasirika, unatafuta kosa, msomaji anakwambia liko mstari huu, wewe unaangalia mstari huo hauna kitu. Halafu ukapiga kofi paja. Ukasema, "Mama, huwa nasahau. Pale anapopataja ni pale aliposhangaa. Kosa lenyewe liko juu yake. Kuna kitu kilifunguliwa huko juu hakikufungwa, yeye akaendelea kusoma tu akidhani mambo sawa." Nikakwambia hiyo ni ya nywele, wala siyo ya kompyuta. Mteja analalamika mkia umepinda huku kisogoni, kumbe ulipomgawa nywele utosini ndiyo ulienda kombo. Kisogoni pameonekana tu.

Basi ya baba yako ukiipandisha juu hivyo, haiishii kwenye vumbi. Inafika kwenye siku moja alikuja nyumbani, tumekaa nje, anatoa magamba ya furu na mimi, akasema, "Mama Mugesi, ile kazi inaniua. Nataka nirudi Bunda nilime." Alisema hivyo hivyo, kwa jina lake, hakuzunguka. Na mimi nikacheka. Nikasema, "Ukalime? Na nimeshawaambia watu unajenga! Nitawaambia nini?" Akacheka na yeye. Akamaliza furu wake, akanawa. Kutoka siku ile kila nilipouliza ilikuwa salama. Mtu ameleta kosa lake mlangoni likafukuzwa, unafikiri atalileta tena?

Sasa niambie, niliposikia kwa Mama Sele, unadhani niliona nini? Nilikuona wewe unasema nzuri na macho mekundu, na mimi nimeshawaambia watu.

Ndiyo maana juzi sikuwepo saluni. Nilikwambia naenda kutafuta dawa ya nywele. Dawa gani, makopo si yamejaa hapo. Nilianzia kwa Mama Kulwa kwenye genge. Nikamwambia, "Mama Kulwa, ile habari ya Mugesi kuwa bosi, ifute."

Akaacha kupanga vitunguu. "Amefukuzwa?"

"Hajafika, afukuzwe wapi? Anaenda kwa majaribio. Wanaweza kumchukua, wanaweza kumrudisha."

"Eh! Na kiti cha kuzunguka?"

"Kiti nilikitunga mimi."

"Mama Mugesi! Mimi nimeshamwambia dada yangu wa Tarime habari ya hicho kiti!"

"Mpigie umwambie hakuna kiti."

Akanitazama kama nina homa. Akasema, "Na akirudishwa?"

"Akirudishwa atakula ugali wa udaga na furu kama siku zote, na wewe utapita kumsalimia, na hutasema neno."

"Nani kasema nitasema neno?"

"Mama Kulwa, mimi na wewe tunajuana."

Akacheka mpaka akanipa nyanya. Kutoka hapo nikaenda kwa mwenye nyumba, kwa fundi cherehani, nikaenda na Makoko kwa wale wa kwaya. Kwenye kwaya nikanyoosha mkono wakati wa matangazo, mwenyekiti akadhani naleta mchango, akafurahi, maskini. Nikawaambia wote: binti yangu anaenda kujaribu, mwombeeni, na akirudi ni kwao. Mdomo wangu mimi umezoea kupandisha tu, Mugesi, kushusha haujui. Nilikuwa naongea masikio yanawaka. Kuna mmoja alifurahi waziwazi, sikutajii jina, lakini rasta zake nitazisuka zimekaza safari ijayo mpaka nyusi zipande.

Lakini nilivyokuwa narudi kwa miguu nilijisikia mwepesi. Sasa mji mzima unajua kwamba unaweza kurudi. Mlango niliufunga kwa mdomo, nimeufungua kwa mdomo huo huo. Hata ukitoka Arusha baada ya wiki moja na begi lako, ukishuka pale stendi ya Bweri, hakuna atakayeshangaa. Watasema tu, Mugesi umerudi, karibu, halafu wataanza kukuomba vocha.

Mimi sijui kama laibrari yako inafaa. Nakwambia ukweli. Watu wakiniuliza nilikuwa nasema ni ya kwanza duniani, lakini mimi ningejuaje? Ninachojua ni kwamba nilikuona unaandika ukiwa na malaria. Nilikuona unafuta kazi ya mwezi mzima kwa sababu umegundua kosa moja lilikuwa linamezwa, hakuna aliyeliona ila wewe, na hakuna ambaye angeliona. Mtu wa hivyo wakimrudisha, wamemrudisha tu. Hakijapungua kitu kwako.

Sasa hii nyumba. Sijui nitafanyaje na hii nyumba.

Kile kitundu cha umeme tulichokuwa tunagombania, wewe na chaja yako, mimi na drayer yangu, kesho ni changu peke yangu. Nilikuwa nakiombaga hicho kitundu mpaka namtaja Mungu. Leo nimekiangalia nikaona kama tundu la jino. Na ule mlio wa laptop yako ikipata moto, vuuu, mteja mmoja alidhani ni inzi, nitautafuta. Na ukiwa umepata jibu ulikuwa unapiga meza mara moja, pa! bila kusema kitu, mimi huku nikajua mwanangu amepata. Atakayepiga meza sasa ni nani? Mama Kulwa?

Na nywele. Leo asubuhi nimekusuka, ukaniambia, "Mama, mbona leo unavuta taratibu, umechoka?" Sikuchoka. Nilikuwa nachelewesha. Nimekugawa mistari myembamba kuliko ya bibi harusi, ili zikae, zisifumuke haraka. Lakini nywele zinakua. Zitasukuma, mizizi itaonekana, na siku moja utakaa kwenye kiti cha mtu nisiyemjua, huko Arusha, na baridi yao, na huyo mtu ataingiza kitana na kuifumua mikono yangu kichwani kwako. Nimemchukia huyo dada tangu asubuhi, na hajanikosea kitu. Mwambie asivute sana hapo juu ya sikio la kushoto, una kovu la utoto.

Ukiondoka hapa mtapita Bunda, halafu mtaingia hifadhini, na humo mtandao unakataga. Mimi nitapiga. Usiniambie nisipige, nitapiga tu. Yule dada ataniambia haipatikani kwa sasa, na safari hii sitalia wala sitaenda kumsumbua fundi cherehani anishikie simu. Hilo kosa nalijua jina. Ni la nyumbu na pundamilia, siyo lako. Nitasubiri mtoke upande wa pili, nitapiga tena.

Ila yale mengine, ya kwako, mimi siyajui majina mpaka unitajie. Ndiyo ninachokuomba, na sina kingine. Ukikwama usiniambie "salama". Wala usiniambie "imeshindikana" ukakata simu, hiyo nayo hainisaidii. Nitajie. Sema, Mama wamekataa kazi yangu. Sema, wenzangu wanajua kuliko mimi. Sema, nimekosea na nimeogopa kumwambia mkubwa wangu. Sema nimechoka, sema nimepata mtu ameniumiza moyo, sema nina njaa. Kila moja nitalifanyia lake. Lingine nitakwambia subiri. Lingine nitakwambia panda basi leo leo. Lingine sitakuwa na la kufanya, nitakaa tu kwenye simu nikusikilize unapumua, na sitatoka barazani kumwambia mtu. Najua unacheka hapo. Cheka, lakini nimeapa, nimemwapia baba yako.

Na likija lile ambalo hata wewe hujui jina lake, usikae nalo ukilitafutia jina. Niletee hivyo hivyo lilivyo. Si ulisema mwenyewe, chini kabisa kuna mama yao?

Nina mengi bado. Sijakwambia ya mwenye nyumba na mke wake mpya, ni kisa kizima, na sijakwambia kwa nini wifi yangu haongei na

Ngoja, unaniita.

Nimeitika, "Niko huku, napanga makopo ya dawa!" Umesema, "Basi, Mama, hamna kitu." Nimekuuliza begi limekataa kufunga? "Limefunga." Una njaa? "Hapana." Nilikuwa nimeshaiinamisha kalamu tena niendelee na ya mwenye nyumba. Halafu umesema, nimekusikia vizuri kabisa hata na ukuta katikati, "Mama, njoo. Naogopa."

Nakuja.